Chini ya Kiti cha Dereva

Kila alipotoka shule, Sindano alivua sare, akala harakaharaka na kukimbilia gereji ya mjomba wake, fundi wa redio za magari. Jina hilo alipewa na Mjomba kwa sababu ya wembamba wake. Vidole vya msichana huyo vilipenya hata pale bisibisi ilipokwama.

Siku moja lililetwa gari la matangazo, lile lenye spika kubwa juu ya paa. Dereva wake, mtu wa miraba minne, alikaa kwenye usukani akilalamika kwamba fyuzi huungua na sauti hukatika kila mara. Mjomba alichomoa nyaya za spika, fyuzi ikaungua vilevile. Akachomoa na amplifaya, mashine ya kukuza sauti, iliyokuwa kwenye buti. Fyuzi nyingine ikaungua.

"Spika hazina kosa, amplifaya haina kosa," alisema. "Ugonjwa uko kwenye waya huu mkubwa unaotoka kwenye betri. Umechubuka mahali, shaba inagusa chuma cha gari. Dereva, nenda kanywe chai. Sindano, funua zulia, uupapase waya mpaka kwenye buti. Waya wote, umenisikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Mjomba alianzia upande wa injini. Akakuta mchubuko mdogo, akaufunga kwa utepe. Sindano naye alipapasa mpaka kwenye kiti cha dereva. Zulia la hapo lilikuwa limegandamana kwa matope na oili, na nje wenzake walikuwa wakimwita kwenye mchezo. Akaiacha sehemu hiyo, akaendelea nyuma ya kiti.

"Mzima, Mjomba."

"Wote?"

"Wote."

Mjomba aliweka fyuzi mpya, akawasha redio akiwa amesimama mlangoni pa gari. Spika zikanguruma mpaka majirani wakaziba masikio. Dereva aliondoka akicheka.

Kabla jua halijazama, habari zikafika kwamba gari limewaka moto barabarani. Mjomba na Sindano walikuta kiti cha dereva kimebaki chuma kitupu. Dereva alikuwa ameshapelekwa hospitali, mikono imeungua.

"Fundi gani huyu? Anataka kutumaliza!" watu walifoka.

Mjomba aliinama, akainua mabaki ya zulia. Chini ya reli ya kusogezea kiti, waya ulikuwa umesagika mpaka shaba ikaonekana. Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hapo sikupapasa, Mjomba," alisema huku akilia. "Nilikudanganya."

"Kesho utamwambia na dereva mwenyewe," alijibu Mjomba.

Hospitalini, dereva alikuwa amefungwa bandeji mikono yote miwili, na mkewe akimnywesha maji. Sindano alieleza kila kitu.

"Na mimi nina langu," alisema hatimaye. "Nilipotoka tu gerejini na kusogeza kiti, fyuzi iliungua. Nilikuwa na haraka, nikaizungushia karatasi ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa, ili umeme upite. Lakini mwanangu, daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena."

Walipotoka nje, Mjomba alisimama.

"Fyuzi huungua ili gari lisiungue. Dereva aliizuia kufanya kazi yake. Mimi nami nilijaribu redio kiti kikiwa kitupu, hakuna wa kuukandamiza waya. Hayo si yako. Lako ni neno moja tu, 'wote'. Ungesema umechoka, ningepapasa mwenyewe. Ukikosea kazi, tutairudia. Ukidanganya, nitajuaje pa kurudia?"

Kwa siku nyingi gereji ilikosa wateja. Gari la kwanza lilipokuja, Mjomba alimpa Sindano tochi. Sindano alilala kifudifudi sakafuni mwa gari, vumbi likimjaa puani. Nje wenzake wakaanza kumwita.

"Umemaliza?" Mjomba aliuliza.

"Bado, Mjomba. Ndiyo kwanza nimefika kwenye kiti."