Maziwa ya Njuki Yachelewa Embu

Kila asubuhi Njuki hukusanya mitungi ya maziwa malangoni mwa wafugaji, karibu na Runyenjes. Huipeleka kwa pikapu yake hadi kituo cha kupoza maziwa mjini Embu.

Wiki hiyo maziwa yalikataliwa mara mbili. Yalifika yameanza kuchacha. Wafugaji wakamwambia waziwazi kwamba yakirudishwa tena, watatafuta gari lingine.

Njuki akaamua kukanyaga mafuta zaidi. Mkewe, Cicily, alimkumbusha kona za barabara ile, lakini hakusikia.

Siku iliyofuata jirani yao Lydiah, mwalimu wa fizikia, aliomba lifti. Kutoka lango la kwanza hadi kituoni ni kilomita thelathini. Njuki alimwonyesha mshale wa dashibodi.

"Unaona, Mwalimu? Sitini kwa saa. Nusu saa tumefika."

Lakini kwenye kila lango alishuka. Alisalimu watu, akaulizia wagonjwa, akapewa uji. Kukataa kikombe kungekuwa dharau. Walifika baada ya saa moja na nusu. Mpokeaji alinusa mitungi, akasita, akaipokea huku akimwonya.

"Chukua umbali wote, ugawe kwa muda wote," Lydiah akamwambia. "Thelathini gawanya kwa moja na nusu."

Njuki alifikiri. "Ishirini."

"Basi kasi yako ya wastani ni kilomita ishirini kwa saa."

"Hiyo ni ya punda, Mwalimu. Mshale ulisema sitini."

"Mshale husema kasi ya wakati ule tu. Gari likisimama, saa haisimami. Na wewe umekunywa vikombe vinne."

Njuki akacheka. "Sasa nikimbie zaidi?"

"Utuue, Njuki? Barabarani umetumia nusu saa. Saa nzima umesimama. Punguza hiyo."

Jioni Njuki na Cicily waliwaendea wafugaji. Wazee wawili walinung'unika, lakini wote wakakubali. Mitungi ya wafugaji wa juu iletwe lango la kwanza kabla gari halijaondoka, ya wale wa chini ingojee njia panda. Uji atakunywa akirudi.

Kesho yake Njuki aliendesha kwa hamsini tu, akasimama mara moja. Alifika kwa dakika arobaini na tano, yaani robo tatu ya saa. Aligawa mwenyewe: wastani wa kilomita arobaini kwa saa.

Mpokeaji alinusa mtungi wa kwanza, akaumimina ndani ya tangi bila kusita. Maziwa yalikuwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe.