Jiko la Unga wa Mbao

Kila alipotoka shule, Verediana alipitia kiwanda cha mbao pale Mafinga, akajaza gunia lake unga wa mbao, akarudi kushindilia jiko. Lilikuwa debe lenye tundu chini. Unasimamisha chupa katikati, unashindilia unga pande zote, kisha unaichomoa polepole na kuwasha kupitia lile tundu. Kazi hiyo aliiweza hasa, na maringo yake yalikuwa hayasemeki!

Mwaka ule, 1974, kaka yake alimleta mkewe Paskalina kutoka Idodi, pamoja na mtoto wao Mika. Paskalina alizoea kuni na mafiga. Akiuliza jambo, Verediana alimbeua.

"Wifi, unashindiliaje?"

"Macho si unayo? Tazama."

Hakumpenda, basi. Alimwona mgeni aliyekuja kumnyang'anya jiko lake.

Jioni moja jiko lilififia, maharage hayajaiva. Paskalina alichungulia, hakuona mwali wala moshi.

"Wifi, limezimika?"

Verediana alinyamaza, akiendelea kuchambua mboga. Akamwona wifi yake akichukua chupa ya mafuta ya taa. Alijua vizuri kwamba unga wa mbao huficha moto ndani. Angesema neno moja tu! Lakini moyoni alisema, "Mwache ashtuke, ashike adabu."

Paskalina akamimina. Moto ukalipuka, ukadaka mkono wa sweta lake. Mika, aliyekuwa amekaa karibu, akapiga ukelele.

Verediana alimvuta mtoto nyuma, akamfunika wifi yake mkono kwa gunia tupu mpaka moto ukafa. Kisha akatumbukiza mkono ule kwenye ndoo ya maji.

Mama yake aliingia mbio na kopo la samli. "Mpake hii! Mshamba wee, ulitaka kutuchomea nyumba?"

"Usipake, mama! Shuleni wamesema maji baridi tu, halafu zahanati." Verediana alikuwa analia. "Na kosa si lake. Nilijua moto umo ndani. Nilinyamaza kusudi."

Mama alimtazama, hasira zikahama. "Kumbe mshamba ni wewe! Mafuta ya taa hayamwagwi kwenye jiko lililokwisha kuwashwa, hata likionekana limekufa. Kati yenu mmoja tu alilijua hilo, akalifanya siri! Mwanangu, ujuzi wa kuokoa watu ukiuficha kwa chuki, umewachoma kwa mkono wako."

Paskalina alirudi kutoka zahanati amefungwa bendeji. Verediana alimwomba radhi. Yeye akampita, akaenda kumchukua Mika.

Siku ya tatu Paskalina alivuta kigoda, akakaa mbele ya debe.

"Haya, nifundishe yote. Usidhani nimekusamehe, mkono bado unaniwaka. Lakini mwanangu analelewa kwenye jiko hili, na moto hautatungoja tupatane."

Verediana aliinuka, akampeleka Mika nje ya mlango, akaweka mafuta ya taa juu ya kabati. Kisha akaanza kumwonyesha, taratibu, bila kubeua.