Sabato Moja Mtaa wa Dallas

Ijumaa hiyo soko la Gakoromone mjini Meru lilikuwa limefurika hadi barabarani. Wauza viazi walishindana kuita na wauza kabeji, na harufu ya ndizi mbivu ilichanganyika na ya tope la mvua ya asubuhi. Muthamia alikuwa na mfuko wa mboga mkono huu na mishumaa mkono ule, akijaribu kutoka mapema afike nyumbani Ruiri kabla jua halijatua, ndipo maikrofoni ilipomzibia njia.

"Kaka, dakika moja tu. Barabara za soko hili unazionaje?"

Aliyeishika alikuwa msichana mrefu, jaketi ya jinzi, sketi ya maua, buti zimelowa tope. Muthamia alikuwa mhandisi wa barabara. Hakuna jambo alilolijua zaidi ya hilo. Lakini alikohoa, akasema kwamba kwa upande mmoja ziko sawa, na kwa upande mwingine haziko sawa sana.

Msichana akazima mashine yake. "Hii siwezi kuirusha hewani. Unaongea kama mtu amesomewa mashtaka."

"Ungenionya mapema ningejiandaa."

"Kwani ukweli huandaliwa?"

Wakacheka wote wawili. Aliitwa Jedidah, mtangazaji wa redio ndogo ya Embu, na siku hiyo alikuwa ametumwa Meru. Kabla hajamgeukia muuza nyanya, Muthamia alikuwa na namba yake ya simu.

Alimpigia Jumapili, na sababu alikuwa nayo. Muthamia alikuwa Myahudi. Watu wakisikia hivyo humtazama mara mbili, lakini ndivyo alivyozaliwa. Babu yake na familia chache za Ruiri waliacha kanisa zamani, wakaishika Torati na Sabato, wakajenga sinagogi ya mabati kando ya shamba la mahindi. Wajukuu wao sasa walikuwa walimu, wauguzi na mawakili, na pamoja na wenzao wa Embu, Laikipia na Nairobi waliunda mtandao wa vijana Wayahudi wenye taaluma, wafundishane uongozi na kuteteana kazini. Muthamia alikuwa mwenyekiti wa tawi la Meru na Embu. Mwenzao mmoja, muuguzi Gladwell, alikuwa amekosa kazi kwa sababu mahojiano yaliitishwa Jumamosi, naye hawezi kuvunja Sabato. Kamati ya bunge la kaunti ilikubali kuwasikiliza, na wa kusimama kuongea alikuwa huyu huyu wa upande mmoja na upande mwingine.

"Nataka utufundishe kuongea," alimwambia Jedidah.

"Nyinyi wote au wewe?"

"Sisi wote. Halafu mimi zaidi."

Jedidah akaja. Kila Jumapili aliwasimamisha mmoja mmoja mbele ya wenzao katika ukumbi wa kukodi mjini Meru, akiwakatiza, akitaniana nao hadi wakaacha kuogopa sauti zao. Siku ya kamati Muthamia aliongea bila karatasi. Alimtaja Gladwell kwa jina, akaeleza mtu hujisikiaje akiambiwa achague baina ya Mungu wake na mshahara wake, na kamati ikaamua wanaoshika Sabato wapewe siku nyingine ya mahojiano. Gladwell alilia palepale kwenye kiti.

Kufikia hapo mapenzi yalikuwa yameshaota mizizi. Walipigiana simu kila jioni isipokuwa ya Ijumaa.

"Mhandisi wangu, umekula?"

"Bado. Nakusubiri uje unipikie."

"Utalala njaa basi. Mimi najua kuchemsha maharagwe ya njahi tu."

"Nitakula hizo njahi maisha yangu yote, mpenzi."

"Sema tena hivyo nikurekodi."

Jambo moja tu hawakuligusa. Jedidah alikuwa binti wa kanisa, na Muthamia alihofia wazee wa Ruiri wangesema nini. Tena uchaguzi wa mwenyekiti wa mtandao mzima ulikuwa unakaribia, na jina lake ndilo lililokuwa midomoni mwa wengi. Alijiambia atawaeleza baada ya uchaguzi. Jedidah hakumsukuma.

Wakafanya chakula cha shukrani Ruiri, uwanjani mwa sinagogi. Wageni walitoka hadi Nairobi. Jedidah alikuja amevaa gauni refu la samawati, kitambaa cha rangi hiyo hiyo kichwani, na Muthamia alipomwona akishuka garini moyo ulimwenda mbio. Jedidah alikuwa amesimama na sahani yake karibu na wazee wakati Mzee Bundi, mkubwa wao, alipomnyooshea kidole kwa upole.

"Muthamia, na huyu binti ni wa nani?"

Wageni wa Nairobi wakageuka.

"Huyu ni mtangazaji tu, mzee. Tulimwajiri atufundishe kuongea. Kazi yake imeisha."

Jedidah hakubadilika uso. Aliweka sahani mezani, akamsalimu Mzee Bundi kwa mikono miwili, akawaaga akina mama waliokuwa jikoni, akaondoka. Muthamia alimwona akifunga lango. Hakumfuata, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Alimpigia jioni hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Ilichukua wiki nzima simu kupokewa.

"Jedidah, nisikilize, nilibanwa."

"Ulibanwa na swali la maneno machache. Nilikufundisha kusimama mbele ya wakubwa, Muthamia. Ukamtetea Gladwell vizuri sana."

"Wazee wangenielewa vibaya."

"Basi wamekuelewa vizuri. Usiku mwema."

Aliyemmaliza kabisa ni shangazi yake Cicily. Alimwita shambani, akaendelea kupalilia huku akiongea.

"Yule msichana amekuwa akija kwangu tangu msimu wa maharagwe. Anasoma Torati. Anataka kuingia kwetu kwa njia yake mwenyewe, polepole, kama inavyotakiwa. Kipindi chake cha Jumamosi redioni alikiacha, ulijua?"

"Hakuniambia."

"Alitaka akuambie siku ile ya chakula. Ndiyo maana alivaa vile."

Ijumaa iliyofuata Muthamia aliomba ruhusa kazini, akashika barabara ya Embu kwa gari lake. Mvua ilimchelewesha Chuka, foleni ikamchelewesha zaidi, na alipobisha mlango wa Jedidah, mtaa wa Dallas mjini Embu, jua lilikuwa ukingoni. Jedidah alifungua akiwa na kanga kiunoni. Alimtazama, kisha akatazama mbingu.

"Huwezi kurudi Meru saa hizi. Sabato itakukuta njiani."

"Sikuja kulala kwako."

"Hutalala kwangu. Utalala kwa kaka yangu Antony, nyumba ile ya pili. Ingia ule."

Aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja, akasema baraka kwa Kiebrania kinachokwamakwama. Lafudhi yake ilikuwa ya Kiembu kabisa, na Muthamia akaitikia amina. Antony alikuja na mkewe, wakala mkate, kuku na njahi, wakazungumza habari za mvua na za bei ya muguka, miraa ya huko Embu, kama vile hakuna lililoharibika.

Waliongea kesho yake mchana, wamekaa barazani.

"Nisamehe," Muthamia alisema. "Niliogopa."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe kabla hujaja."

"Basi nioe, yaani, nikubalie nikuoe. Nitasema mbele ya wote."

Jedidah alitabasamu kidogo, tabasamu la uchovu. "Nakupenda, Thamia, sitakudanganya. Lakini siku ile nilikuona ukinipima na cheo, na nikaona upande uliolalia. Nikiolewa nawe, kila tukiingia mahali penye watu nitakuwa nasubiri kusikia utaniita nani."

"Na haya unayoyasoma?"

"Nitaendelea nayo. Hayakuwa yako."

Nyota zilipotoka na Sabato kuisha, alimsindikiza hadi garini. Hawakushikana mikono.

Jumapili Muthamia alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Bundi. Alimwambia yote, akamwambia pia kwamba amejiondoa kwenye uchaguzi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akimmiminia chai.

"Mama yangu alikuwa wa kanisa, wa kule Muthara," alisema. "Aliingia kwetu kwa sababu ya baba yangu, na hakuna aliyeishika Sabato kumpita. Cicily alishanieleza habari za yule binti. Nilikuuliza ni wa nani ili useme ni wako, niwabariki mbele ya wageni."

Muthamia alibaki ameshika kikombe hadi chai ikapoa. Alitamani kutoka nje ampigie mtu simu amsimulie maneno hayo, na mtu huyo alikuwa mmoja tu.