Kivumishi Alichokitaka Shangazi

Asiyesikia la mkuu hupata mchumba. Wahenga walisema huvunjika guu, lakini wahenga hawakuwepo kwenye duka la fotokopi asubuhi ile, foleni ikitokeza hadi barabarani, mashine moja imekwama na nyingine inanguruma. Mwenye duka alimwamuru msichana mwenye gauni la kijani ampishe kaka wa suti, eti ana haraka.

"Simpishi," alisema msichana.

"Nina karatasi moja tu, dada yangu," kaka akamsihi. Sauti yake ilikuwa nzito na laini, sauti ya kumgeuza mtu shingo. Msichana aligeuza shingo. Miguu haikusogea.

"Na mimi nimekuja na moja, kaka yangu. Suti hainyauki ukisubiri."

Watu wakaangua kicheko. Kaka naye akacheka, akasubiri. Walipofika mezani alikuwa ameshajua kwamba dada huyu anaandika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, ile ya kwenye simu inayotamka maneno. Dada naye alikuwa ameshajua kwamba cheti kinachonakiliwa kinapelekwa ofisi hiyo hiyo ya kamusi, wanakotafuta msomaji wa kurekodi maneno.

Kaka aliipata kazi. Ofisini wakambandika jina la Sauti. Msichana alikuwa na lake tangu zamani, Bi Mifano, maana kila neno la Kiingereza alilipa maana na sentensi ya mfano. Sauti alijifungia kwenye chumba cha kurekodia akizisoma, na Bi Mifano akasikiliza kwa hedifoni mezani kwake, kukagua.

Mapenzi yakapita humo humo. Chini ya "thirsty" aliandika: *Msomaji wetu ana kiu na chai yake inapoa.* Chini ya "handsome": *Ana sura nzuri, ila shati halijaonja pasi.* Sauti alisoma, akacheka, akalazimika kuanza upya.

"Utaniua, laazizi," alimwambia mlangoni.

"Nani kakwambia ni wewe? Huo ni mfano tu."

Mambo yakaiva. Shangazi aliyemlea Sauti, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akapanga kuja Jumamosi kumposea kijana wake. Siku chache kabla, alipiga simu. Sauti aliipokea kwenye chumba cha kurekodia, akaiweka spika, akasahau kwamba maikrofoni iko wazi.

"Huyo binti yukoje?" Shangazi aliuliza. "Nipe kivumishi kimoja cha Kiingereza. Kimoja! Mtu usiyeweza kumsema kwa neno moja humjui."

Sauti alifikiri kidogo. "Stubborn, Shangazi."

"Makubwa haya!"

Kule mezani, Bi Mifano alivua hedifoni taratibu. Sauti alipotoka alimkuta amesimama, mikono kiunoni.

"Mkaidi. Ndivyo ulivyonipeleka kwa watu wako?"

"Umesikia? Laazizi, nilisema ukweli."

"Nani amekuambia si ukweli? Lakini ukweli nao unavalishwa nguo kabla ya kutolewa sebuleni! Kiingereza kizima hicho hukuona 'determined'? Hukuona 'firm'? Hata 'persistent' ningeimeza. Umekwenda kuokota neno wanalopewa punda na madoa ya nguo!"

"Nisikilize basi..."

"Mwambie shangazi yako asije."

Simu za Sauti zikaita mpaka zikachoka. Alituma ujumbe: *Umekula?* Akajibiwa: *Kwani nilikuwa nalishwa na wewe?* Ikabidi apige tena kwa shangazi, amwambie safari imeahirishwa kwa agizo la binti.

Bahati, au kisirani, mhariri akadai herufi S ikamilike. Bi Mifano aliandika akibonyeza vitufe kama anayeponda kitu. Alipofika kwenye stubborn, akalitenga kwanza na jamaa zake. Firm: mwenye msimamo. Persistent: asiyechoka kujaribu. Obstinate: asiyekubali hata akionyeshwa amekosea. Stubborn: mkaidi, asiyebadilika kirahisi, aghalabu ni lawama. *Mfano: Alimwita mpenzi wake stubborn mbele ya shangazi, akabaki bila mpenzi.*

Akavaa hedifoni, akangoja. Sauti alisoma vizuri mpaka kwenye mfano. Hapo akakohoa.

"Kwa heshima zote, mfano huu nausahihisha," alisema kwenye maikrofoni. "Persistent ni anayebisha hodi mpaka afunguliwe. Wewe hubishi hodi mlangoni kwa mtu. Determined ana mahali anakwenda. Siku ile ya foleni hukuwa unakwenda popote, ulisimama tu, na ungenipisha ningetoa nakala yangu nikaondoka, nisikujue mpaka leo. Ningemwambia Shangazi wewe ni 'gentle', mpole, Jumamosi angemtafuta huyo gentle chumba hadi chumba, asimwone. Sitaki aje kuposa mtu mwingine. Nakutaka wewe, na neno lako hilo hilo."

Kule mezani, Bi Mifano alijikuta anatabasamu, akalizuia tabasamu, likakataa. Akasukuma mlango wa chumba cha kurekodia.

"Futa hayo uliyosema. Mhariri atatufukuza."

"Sifuti."

"Mkaidi wewe!"

"Nimeambukizwa."

Alimpiga begani kwa karatasi aliyokuwa akiisoma, kisha akaiweka juu ya meza na kuongeza kwa kalamu, baada ya *aghalabu ni lawama*: *ila huweza kuwa sifa, kutegemea nani anasema.* Sauti alimshika ule mkono wenye kalamu, na hakuuachia hata simu ilipoita. Alikuwa Shangazi; akamweka spika.

"Nipe huyo binti niseme naye," spika ilinguruma.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyenizuia? Nimeshashona gauni, majirani nimeshawaaga, leo naonekana mwongo mtaa mzima. Sikiliza, mwanangu, mimi si mtu wa kinyongo. Niombe radhi tu, yaishe, Jumamosi nije."

Sauti alikuwa amejiziba uso kwa mkono mmoja, mabega yanatikisika kwa kicheko. Midomo yake ilimwomba mwenzake bila kutoa neno: omba tu, omba.

"Jumamosi njoo, Shangazi," alisema Bi Mifano. "Mama yangu anakungoja, na hilo gauni nina hamu ya kuliona. Lakini nilikuzuia kwa sababu niliumia, na kuumia si wizi. Radhi siombi."