Ndege kwa Jina la Ferista

Ferista ndiye aliyeishika kwanza. Hilo hata Gasper mwenyewe hakuwahi kulibisha. Vidole vyake vilikuwa vimeshaizunguka ile joystiki nyeusi ya mtumba, yenye kitufe kimoja kilichong'oka, pale mkono wa Gasper ulipotua juu ya wake na kusahau kuondoka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa sita, na Tunduma ilikuwa imefurika. Malori yamejipanga kuelekea mpakani, wabadilisha fedha wanapunga mafungu ya kwacha, upepo wa baridi unarusha vumbi hadi kwenye sahani za chipsi. Chini ya turubai la bluu, mama mmoja aliyevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, alikuwa amemwaga chini rundo la vifaa vya kompyuta vilivyotumika.

"Mwapoleni mukwai," mama akawasalimu kwa Kibemba, macho yake yakicheka. "Iko moja tu hiyo. Amueni wenyewe."

"Samahani, dada," Gasper akasema. "Unajua lakini hii ni ya nini?"

Ferista akageuka. Alivaa sweta la rangi ya haradali na sketi ndefu ya jinzi, nywele kazisuka kurudi nyuma, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri.

"Ya kuendeshea ndege, kaka. Wewe ulitaka ukakorogee ugali?"

Mama wa Nakonde akapiga makofi kwa kicheko. Gasper akaondoa mkono, aibu imemshika, lakini miguu ikagoma kuondoka.

"Mimi ni fundi kompyuta, pale Majengo," akasema. "Hicho kitufe nitakuwekea. Bure."

"Hakuna cha bure Tunduma."

"Basi utanilipa kwa kuniambia unarusha ndege gani."

Ferista alikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo forodhani. Kutwa nzima aliandika namba za malori ya watu yanayokwenda Ndola na Lubumbashi. Jioni, kwenye chumba chake cha kupanga kule Mpemba, aliwasha kompyuta na kupaa. Gemu lenyewe lilikuwa la ndege za kivita, la kuigiza urubani wa kweli, si la kubonyezabonyeza. Lilitolewa bure pamoja na ndege mbili za kujifunzia. Nyingine zote zilinunuliwa moja moja, na kila moja ilikuwa na swichi nyingi kiasi kwamba kuiwasha tu ni somo la wiki nzima.

Gasper naye alikuwa akilicheza hilo hilo. Hakuwahi kukutana na mtu mwingine Songwe nzima aliyejua hata kwamba lipo.

Kitufe kikapona. Simu zikaanza. Mwezi haujaisha, walikuwa wanaruka pamoja kila jioni, Ferista akiwa Mpemba, Gasper Majengo, hedifoni masikioni, ndege zao mbili za bure zikienda sambamba juu ya milima ambayo hakuna kati yao aliyejua majina yake.

"Gasper, umetunguliwa tena?"

"Nimetua kwa dharura."

"Umetua vipande vipande, mpenzi."

Hilo neno lilimtoka Ferista bila kupangwa. Gasper akautazama moshi wa ndege yake ukipanda taratibu kwenye kioo, na hakuhisi kama ameanguka popote.

Kisha ukaja wakati wa kununua. Walitaka ndege ya kivita hasa, si zile za kujifunzia, na hapo ndipo mabishano yalipoanza.

"Tununue kwenye lile duka kubwa linalouza magemu yote," Gasper alisema kwenye simu. "Kila kitu changu kiko pale. Ofa zake hazina mpinzani, na ndege ikikukataa mapema unairudisha."

"Mimi naona kwa watengenezaji wenyewe," Ferista akajibu. "Wanakupa ndege uijaribu wiki mbili kabla hujatoa hata senti. Duka kubwa halikupi hilo."

"Wiki mbili za kujaribu! Unanunua ndege au unachumbia?"

"Vyote vinataka kujaribiwa, Gasper."

Wakacheka, wakaacha lilale. Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Ferista. Gasper akafunga ofisi yake mapema, akapiga deki, akaweka soda mbili na keki ndogo mezani. Ferista akaja na gauni la kitenge cha kijani, hereni zinang'aa, akijua kuna kitu lakini hajui ni kitu gani. Gasper akamfumba macho, akamkalisha mbele ya kompyuta.

"Fumbua."

Kwenye kioo ilisimama ndege ya kivita ya kijivu, pua imeinuka, jua la asubuhi linatambaa kwenye mabawa. Ferista akaweka mkono kifuani.

"Ni yako," Gasper akasema.

"Yangu? Iko kwenye akaunti ya nani?"

"Yangu, ya duka kubwa. Utaingia kwa jina langu. Nywila nimekuandikia."

Mkono ukashuka kifuani. "Na nikiruka mimi, wewe utakuwa wapi?"

"Nitasubiri. Akaunti moja hairushi watu wawili kwa wakati mmoja."

"Kwa hiyo mmoja wetu atakuwa chini siku zote."

"Feri, ni zawadi! Kumbe shida ni duka? Unanuna kwa sababu ya duka?"

Ferista akasimama. Alisema polepole, kama mtu anayepita kwenye utelezi.

"Mama yangu ana miaka ishirini na mitano anahudumia shamba la kahawa kule Isansa. Nenda pale kijijini ukaulize ile kahawa ya nani. Utatajiwa baba. Mimi sikuja Tunduma kutafuta jina lingine la kuingilia."

Akatoka. Keki ikabaki na kisu chake. Gasper akaketi akiwa na hasira ya mtu aliyetoa akakataliwa, na hasira hiyo ikamzuia kusikia alichoambiwa. Alipopiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa.

Siku ya nne akaiwasha ndege ile peke yake. Akapaa. Juu ya mawingu palikuwa pazuri mno, dhahabu tupu mpaka mwisho wa macho, naye akajikuta anasema, "Feri, unaona?" Hedifoni zikamrudishia mvumo wa injini. Pale pale juu ndipo maneno yake yalipomfikia. Mmoja wetu atakuwa chini siku zote. Akatua, na safari hii akatua vizuri. Kisha akaingia dukani na kuirudisha ndege.

Lakini kumwambia kwa ujumbe wa simu aliona ni woga. Ujasiri wa kumkabili ulimjia wiki mbili baadaye, akaenda ofisini kwake, na Imelda, karani mwenzake, akamwambia Ferista yuko likizo nyumbani, msimu wa kahawa. Kesho yake Gasper alipanda gari hadi Vwawa, akachukua bodaboda hadi Isansa, meno yanagongana kwa baridi.

Akawakuta mama na binti shambani. Ferista kavaa buti za mpira na koti la zamani la baba yake, kanga kiunoni, kikapu kimejaa matunda mekundu. Gasper alidhani amewahi kumwona akiwa mrembo. Kumbe bado.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Sijapotea, mama. Nimekuja kumwona Ferista."

Mama akamtazama binti yake, akamtazama mgeni, kisha akampa kikapu kitupu. "Huku watu huonana wakichuma."

Akachuma. Mama akachungulia kikapu chake, akaguna, "Huyu anachuma mpaka mbichi," akasogea mistari mitatu mbali, akiimba pambio kwa sauti ya chini.

"Nimeirudisha ile ndege," Gasper akasema.

"Duka lilikubali?"

"Lilikubali. Sikukuuliza, Feri. Nilikununulia ndege kama mtu anayenunua soda. Nilidhani nikikupa jina langu nimekupa kila kitu."

Ferista akachuma tunda, akaliviringisha kiganjani. "Na mimi nilipaswa kubaki nikueleze. Niliona aibu kulia mbele ya keki." Akatabasamu kidogo. "Nimeshanunua yangu. Kwa watengenezaji. Nilianza kuijaribu siku ile ile niliyotoka kwako."

"Ndege gani?"

"Ya viti viwili. Rubani mbele, mwenzake nyuma. Ila watu wawili hawaikalii mpaka kila mmoja awe na ya kwake."

Gasper akaacha kuchuma. "Basi nitanunua kwa watengenezaji, kama wewe."

"Usinifurahishe. Ofa iko wapi wiki hii?"

"Duka kubwa."

"Nunua huko huko. Angani maduka yanakutana."

Jumapili moja ya mwezi wa nane, baada ya ibada, waliruka. Ferista mbele, Gasper nyuma, kila mmoja kwa jina lake. Chini yao mawingu yalitandazwa kama pamba iliyochambuliwa, na bahari ikionekana na kupotea. Hakuna adui aliyetokea, na hawakumtafuta.

"Rubani," Gasper akasema.

"Sema, wa nyuma. Ila usiguse usukani."

"Nikitaka kuja tena nyumbani kwenu Isansa..."

Ferista akainamisha bawa moja taratibu, jua likaingia ndani ya chumba cha rubani, likatoka. Gasper akasikia pumzi yake kwenye hedifoni, karibu kabisa na sikio.

"Usije peke yako," akasema. "Tafuta mtu mzima anayejua kuzungumza na wazee."

Gasper akapiga ukelele. Mkono wake ukavuta kisichotakiwa, na ndege nzima ikapinduka tumbo juu, mawingu yakawa dari na bahari ikawa mbingu.

"Gasper! Nimesema usiguse!"

Lakini alikuwa anacheka, na mwenzake anacheka, na kwa muda mrefu hakuna aliyefanya haraka kuigeuza.