Kengele ya Skarvholmen

Huko kaskazini mwa Norwe, mwezi wa saba jua halizami, kwa hiyo taa ya mnara wa kisiwa cha Skarvholmen huwa haiwashwi. Asubuhi hiyo mlinzi wa mnara, Eilert, alikuwa anajiandaa kupiga makasia kwenda bara kununua unga. Mkewe, Torbjørg, akamkumbusha sukari.

"Nikisahau, si utanisimanga mwaka mzima," akamtania, akaenda zake.

Adhuhuri ukungu ukashuka. Kwenye ukungu kinachomrudisha mtu ni kengele ya mnarani, ivutwe kwa kamba mpaka afike. Torbjørg akavuta. Mama mkwe wake, Gjertine, alimpa sharti moja tu alipoolewa: "Usiiachie kamba, mwanangu, mpaka umeshika mkono wa mtu wako, na uwe na joto. Waliozama nao hupanda kisiwani, na kengele hawaipendi."

Saa ya kwanza. Ya pili. Ya nne. Mabega yakafa ganzi.

Kisha akasikia makasia. Buti zikapanda mwambani. Akaona kofia ya Eilert, kimo cha Eilert.

"Basi, Torbjørg," sauti ikanong'ona. "Nimefika. Pumzika."

Mkono ukamshika. Ulikuwa baridi. Akajiambia ni bahari tu. Mtu aliyetoka majini ana joto gani? Alikuwa amechoka mno. Akaiachia kamba.

Akatangulia jikoni, akabandika maji, akapanga vikombe viwili. Hakuna aliyeingia. Maji yakachemka. Ndipo akamsikia Eilert, mbali baharini, akiita jina lake na kuuliza kengele imekwenda wapi.

Akakimbia. Akavuta mpaka viganja vikachanika. Eilert hakuita tena.

Kesho yake walimwokota kwenye miamba. Mfukoni mwa koti lake mlikuwa na karatasi ya sukari, tupu.

Mazishini Gjertine akamsogelea. "Ulishika mkono?"

"Nilishika."

"Ulikuwa na joto?"

Maji yalikwisha kumwagika. Gjertine akakigeuza kiganja cha mkwewe, akakitazama, akakiachia upesi. Hajakanyaga tena kisiwani.

Mkono huo, ulioshikwa siku ile, hauhisi kitu mpaka leo. Juzi Torbjørg aliuegemeza kwenye jiko la moto, akajua kwa harufu. Hakulia, hata machozi yamemkimbia. Kila asubuhi akikunjua kiganja hukuta chumvi, nyeupe, kavu. Huikung'utia dirishani, akapika uji wake. Kesho yake huikuta tena.