Sponji Ndani ya Neti

Asubuhi hiyo Velma alipofungua kufuli la banda lao la useremala pale Mjambere, alikuta sponji imenyofolewa vipande vidogo vidogo, imetapakaa juu ya unga wa mbao. Ilikuwa imetoka ndani ya kinga aliyoishona jana yake, ule mkanda mpana unaozungushwa kitanda cha mtoto ili asijigonge kwenye fito. Ajabu ni kwamba mkanda wenyewe haukuwa umetoboka. Neti ya juu ilikuwa nzima, na mshono umekaza vilevile alivyouacha.

Tsofa, mumewe, alisema ni panya.  Velma hakuwahi kumwona panya atoaye kitu ndani ya mfuko ulioshonwa pande zote.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne ilikuwa mchana, jua la utosi, Tsofa amekwenda kutafuta mbao. Velma alikuwa kwenye cherehani, amesimamisha mguu abadilishe uzi, akasikia mtu anavuta pumzi. Ilikuwa pumzi fupi, yenye mkwaruzo, kama ya kitoto kilichofunikwa uso, inavutwa, inakwama, inavutwa tena, na nyuma yake ikaja harufu ya maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo, harufu ambayo mwanamke aliyewahi kunyonyesha haisahau, na Velma akiwa amekaa vile, uzi kidoleni, aliiona ile kinga iliyolala mezani mbele yake ikitutumka na kunywea, ikitutumka na kunywea, upesi, kisha polepole, kisha polepole zaidi, mpaka ikatulia tuli, na kule kutulia ndiko kulikomtoa mbio mpaka barabarani bila viatu.

Alijua ni nani. Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza.

Mwaka uliotangulia alikuja mteja mmoja aitwaye Pascalia, mke wa Kioko, mpakua makontena aliyekaa Changamwe. Mtoto wao wa miezi minne alikuwa amenasa mguu kati ya fito za kitanda. Nesi wa kliniki alimwambia kwamba kitanda kitupu ndicho salama kuliko vyote, lakini akiona lazima aweke kitu, basi iwe neti tupu inayopitisha hewa, si mto, si sponji. Pascalia aliyarudia maneno hayo mara mbili. Aliichukua neti ya Velma, akaiweka mdomoni, akapuliza, akacheka pumzi ilipotokea upande wa pili. Tsofa akamwambia asiwe na wasiwasi.

Alipoondoka, neti iliyobaki haikutosha kukunjwa mara mbili, na ya tabaka moja ililegea, haikusimama kwenye fito. Tsofa akaleta mabaki ya sponji, akamwambia mkewe ajaze ndani, neti iwe ya juu tu. Velma akauliza mara moja. Hakuuliza mara ya pili. Akashona.

Wiki tatu baadaye mtoto alikutwa amekufa, uso umezama kwenye kinga, pembeni mwa kitanda. Pascalia alirudi na ile kinga ndani ya mfuko, ameipasua, akaibwaga mezani.

"Niliomba nini?" alimwuliza Velma, si Tsofa.

Velma aliangalia chini. Tsofa ndiye aliyejibu, kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, na kwamba kuna akina mama wanaolala fofofo kisha wanamtafuta seremala wa kumlaumu. Pascalia aligeuka, akaenda zake. Hakumaliza miezi miwili. Kioko alimzika kwao Ukambani.

Na Tsofa akaendelea. Kinga yenye sponji huonekana imenona, wateja huipenda. Tangu mazishi walikuwa wameuza tatu.

Velma alipomweleza mumewe yaliyompata mchana ule, Tsofa alimkaripia kwa kuleta uchawi kazini. Lakini kesho yake akaisikia pumzi yeye mwenyewe, kisogoni pake, akiwa anapiga randa, na jioni akaenda kumleta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo kutoka bara ya Kaloleni, jina lake Kaviha, simu yake ameifunga kwenye pindo la leso. Hakuchoma ubani. Aliomba mkasi, akaipasua kinga moja, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Nani kashona?"

"Mimi," alisema Velma.

"Na nani kaagiza?"

Tsofa akageukia randa yake. Kaviha akauliza wameuza ngapi, na Velma akamwambia.

"Basi huyu mama ana nyumba tatu za kuzunguka, na hapa anapita tu. Kazi yangu ni kufukuza kinachodhuru watoto. Huyu simfukuzi."

Akaufunga mkoba wake. Tsofa alifoka kwamba atamtafuta mwingine mwenye nguvu, wa kumfunga mzuka huyo chupani. Kaviha hata hakugeuka.

Hapo ndipo hasira ya Velma, aliyoimeza mwaka mzima, ilipomtoka. Alichukua mkasi akasema anakwenda kwa wateja wote watatu. Tsofa akaziba mlango.

"Ukiwaambia tumekwisha, Mama Lynnette."

"Mwenzangu alikuja hapa ametoka kumzika mwanawe, ukamwambia alilala. Nami nikanyamaza, mwanamke mzima. Nipishe."

Hakumpisha. Alifungua mdomo amjibu, lakini ile harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa imejaa banda zima, na pumzi ile ya kitoto ikaanza, safari hii ndani ya kifua cha Tsofa mwenyewe, inavutwa, inakwama, na yeye akishika koo, akikwaruza mdomo wake kama mtu anayejaribu kubandua kitambaa kisichoonekana, akipiga magoti kwenye unga wa mbao, macho yamemtoka, midomo inageuka rangi ya zambarau, na Velma amesimama na mkasi mkononi akimtazama, akimtazama kwa muda ambao mpaka leo hataki kuupima.

Kisha akaiona kinga ya mwisho, iliyokuwa imefungwa tayari kwenye kitanda kipya. Akaichana kutoka mwanzo hadi mwisho, akaing'oa sponji yote. Tsofa akavuta hewa kwa kishindo, akaanguka kifudifudi. Velma alimruka, akatoka.

Kule Mtopanga, mteja wa kwanza, Valarie, alikuwa amemfukuza yaya wake kwa kuchafua chumba na vipande vya sponji. Wa pili alikuwa ameifumua kinga, akaijaza sponji na kuishona upya mara mbili. Wa tatu, Josephine wa Utange, alisema hamwelewi mtoto wake. Kila mchana humlaza pembeni, na kila akirudi humkuta katikati ya kitanda, chali, amecheka mpaka amechoka. Velma alizichana zote tatu, na kila nyumba akasema kilichokuwa ndani, kwa nini, na nani alikwisha kufa. Josephine alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akampiga kofi la nguvu. Velma hakujikinga.

Tangu siku hiyo hakuna sponji iliyonyofolewa Mjambere. Lakini Tsofa hawezi kulala. Akilaza kichwa tu, kifua kinafunga. Hukaa kitini usiku na mchana, shingo imelegea, akisinzia na kushtuka. Waganga wawili wamekuja na kula mbuzi zao, wakaenda.

Kaviha alishamtumia Velma salamu kwamba dawa ipo. Tsofa aende Changamwe kwa Kioko, aseme kwa mdomo wake alichoweka kwenye kitanda cha mtoto wake. Kila asubuhi Velma humwekea shati safi magotini na kumwambia atamsindikiza.

"Kesho," husema Tsofa.

Velma hulichukua shati, akalikunja, akamwacha hapo akihangaikia hewa.